Kura ya mgombea wa tatu huenda wapi?

Mpwa wangu aliitoa habari hiyo mbele ya ukoo mzima, biriani ikiwa bado iko sinia. Alisema amejiandikisha kuwa mpiga kura, kwamba 2027 kura yake ya urais wa Kenya ni ya David Maraga, aliyekuwa jaji mkuu, na kwamba ameshaiweka picha yake mtandaoni akisema hivyo kwa jina lake kamili.

Kakangu mkubwa alinawa mikono taratibu, kisha akamtazama.

"Mwanangu, kura hiyo umeitupa baharini kabla hujaipiga."

"Ami, kura si kamari," akamjibu. "Sipigi ili nibahatishe atakayeshinda."

Mazungumzo yakahamia harusi ya binamu. Mimi sikuhama nayo. Nimekaa na majibizano yale kwa wiki nyingi sasa, nikiosha vyombo, nikisubiri feri ya Likoni, nikisikiliza redio usiku. Yananikera kwa sababu kila mmoja wao ana haki kwa kiasi chake, na kwa sababu 2013 nilifanya kama anavyotaka kufanya yule binti.

Nilimpigia Peter Kenneth, mgombea aliyekuwa nje ya kambi mbili kubwa. Sijutii.

## Somo la 1992

Kakangu hasemi kwa ubishi. Aliuona uchaguzi wa 1992 akiwa kijana aliyeamini kwamba Rais Moi anakwenda nyumbani. Chama cha upinzani cha FORD kilikuwa kimegawanyika: Matiba na FORD-Asili upande mmoja, Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Kenya upande mwingine, na Kibaki na chama chake cha DP kando. Kura zilipohesabiwa Moi alikuwa na asilimia 36 hivi. Wakenya karibu wawili kati ya watatu walimkataa, naye akabaki Ikulu. Sheria ya wakati ule ilimtaka mshindi awe na kura nyingi kuliko mwenzake yeyote, pamoja na robo ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Nusu haikutakiwa.

Miaka mitano baadaye mambo yakajirudia. Kibaki, Raila, Wamalwa na Charity Ngilu kila mmoja alisimama na lake, na Moi akapita kwa asilimia 40.

Halafu ikaja 2002. Wapinzani waliungana chini ya muungano wa NARC, na Kibaki akashinda kwa zaidi ya asilimia 60. Mtu aliyeiishi miaka hiyo kumi hahitaji kufundishwa kwamba wagombea wengi humfaidi aliye kitini. Kwa wazee wetu jambo hilo limekuwa kama maarifa ya bahari: usiende nje upepo ukiwa wa kusi.

Ningekuwa na umri wa kakangu, ningesema kama yeye.

## Lakini hesabu ilibadilika

Katiba ya 2010 ilifuta hesabu ya 1992. Kifungu cha 138 kinamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wawili wa juu wanarudi debeni ndani ya siku 30.

Jambo hili linageuza kila kitu kuhusu mgombea wa tatu, na inanishangaza kuona jinsi tunavyolizungumza kidogo.

Chukua 2013. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa kura 6,173,433, asilimia 50.07. Kura zilizopigwa zote zilikuwa 12,330,028. Alivuka nusu kwa kura zipatazo 8,400. Uwanja wa mpira wa kawaida hauwezi kujaa kwa watu hao. Mahakama ya Juu ilipoamua mwisho wa Machi kwamba kura zilizokataliwa zisiingizwe kwenye hesabu, nafasi yake ilipanuka ikafika kama 62,900.

Peter Kenneth peke yake alikuwa na 72,786.

Sisemi kura zake zilimzuia mtu, maana hazikumzuia. Ninasema kwamba chini ya sheria ya sasa, mpiga kura anayetoka kwa kinara na kwenda kwa wa tatu hampi ushindi yule aliye wa pili wala hamwongezei kinara chochote. Anaondoa kura kwenye ile nusu. Wachache tu zaidi kama hao, na nchi nzima ingerudi debeni mwezi uliofuata, na wale wakubwa wawili wangelazimika kuja kuomba kwa waliowadharau.

Kura ya namna hiyo haijatupwa.

Mwaka 2022 William Ruto alipata 7,176,141, asilimia 50.49. Alivuka nusu kwa kura kama elfu 70. George Wajackoyah na David Mwaure, wa tatu na wa nne, walikuwa na kura elfu 93 na ushei kwa jumla yao. Kwa mara nyingine, umbali kati ya raundi ya kwanza na ya pili ulikuwa mdogo kuliko watu wanaodhaniwa kuwa si kitu.

## Hofu ambayo haiko kwenye katiba

Niliyaandika haya kwenye karatasi nikampelekea kakangu. Alisoma, akairudisha.

"Na hiyo raundi ya pili," akaniuliza, "nani alikuwa anaitaka?"

Sikuwa na jibu la haraka, na hapa ndipo shaka yangu ilipoanza hasa. 2013 tulikuwa miaka mitano tu kutoka kwenye vifo na moto wa baada ya uchaguzi, mwanzoni mwa 2008. Maduka hapa Mombasa yalifungwa siku kadhaa kabla ya kura. Watu walinunua unga na mafuta ya taa kama wanaojiandaa kwa kimbunga. Kambi zote mbili kubwa ziliimba wimbo mmoja, kwamba tumalize raundi ya kwanza, na watu wengi walioitikia hawakuwa mashabiki wa mtu yeyote. Walitaka yaishe ili watoto warudi shule.

Kwa hiyo mgombea wa tatu hakushindana na Uhuru na Raila pekee. Alishindana na uchovu wa watu. Ukimpigia yeye unawaombea majirani zako mwezi mmoja zaidi wa roho juu. Hilo ni jambo zito, na mtu anayelifikiria kabla ya kutia alama si mwoga.

Bado nasema lilipewa uzito kupita kiasi. Raundi ya pili iliwekwa ili rais asianze kazi akiwa amechukiwa na nusu ya nchi. Tukiiogopa kila mara, tumeiacha ile nusu kuwa pambo la katiba.

## Waliokuwa naye hadharani

Kampeni ya Kenneth ilikuwa na sura nzuri. Mbunge wa Gatanga kwa miaka kumi, waziri msaidizi wa mipango, mtu aliyesifiwa kwa jinsi fedha za CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, zilivyoonekana barabarani na shuleni katika eneo lake. Chama chake kilikuwa kidogo, Kenya National Congress, na muungano wake ukiitwa Eagle. Kauli yake ilikuwa "Tunawesmake", na vijana wa Nairobi waliipokea. Jioni ile ya Februari 2013 ya mjadala wa kwanza wa wagombea urais, wote wanane jukwaani, kila niliyekuwa nikimfuata mtandaoni alikuwa akimsifu yeye, au Martha Karua, au Mwalimu Abduba Dida ambaye wengi walikuwa hawajamsikia hadi saa ile.

Ungeamini mitandao ile ndiyo nchi, ungeapa kwamba kitu kimevunjika Kenya.

Wiki tatu baadaye Kenneth alipata chini ya asilimia moja. Dida 52,848. Karua, aliyekuwa waziri wa sheria na mwenye miongo ya kupigania haki nyuma yake, 43,881.

Watu walikwenda wapi? Nimewauliza marafiki wa wakati ule. Hakuna aliyeniambia alikuwa akidanganya aliposema anamuunga mkono. Walibadilika katika siku zile za mwisho, na wengine wakiwa ndani ya foleni. Kesi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, dhidi ya Uhuru na mwenzake Ruto zilikuwa zimeugeuza uchaguzi ukawa wa sisi na wao. Kwa jamaa wa Murang'a, Kenneth alikuwa mtoto wa nyumbani anayeigawa nyumba, na aliitwa mradi wa Raila. Kwa jamaa wa Nyanza, kumpigia mtu mwingine ilikuwa kumwongezea njia Uhuru. Rafiki mmoja aliniambia mama yake alimpigia simu usiku wa kuamkia kura na kumwuliza swali moja tu: "Wewe ni wetu ama si wetu?"

Kumsifu Kenneth mtandaoni hakukumgharimu mtu kitu. Kumjibu mama kulimgharimu.

Mimi nilipiga kura katika shule ya msingi hapa mjini, na jioni nikarudi kuangalia matokeo yaliyobandikwa mlangoni. Kura zake kituoni petu zilihesabika kwa vidole. Lililoniuma zaidi ni jambo jingine: hakukuwa na wakala wake. Mawakala wa kambi mbili kubwa walikuwa wamekaa tangu alfajiri, na chupa zao za chai, wakiandika kila karatasi iliyoinuliwa. Kwa ajili yetu wachache, hakuna aliyekuwa akiangalia. Kama mojawapo ya kura zile ingewekwa kwenye fungu la mwingine, nani angesema?

## Sahihi na kitambulisho

Basi uungaji mkono wa hadharani ni upi?

Katiba inao mmoja, nao si wa picha. Anayetaka urais lazima apendekezwe na wapiga kura wasiopungua 2,000 kutoka kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kaunti 24, watu 48,000 kwa uchache. Mwaka 2022 tume ilitaka na nakala za vitambulisho, na kati ya makumi waliotangaza nia, ni wanne tu walioidhinishwa. Wengi wa walioachwa nje walilia kwamba wamefungiwa mlango, na naona walikuwa na hoja. Kumwomba mvuvi wa Kipini au mchungaji wa Garba Tula nakala ya kitambulisho chake, katika nchi ambayo 2021 watu waligundua wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, ni kumwomba amwamini mgeni kwa kitu kikubwa.

Lakini sharti lile limenifundisha kupima. Mtu anayetoa jina na nambari yake kwa mgombea asiye na uhakika wa kushinda, katika mtaa ambao chifu anajua nani ni nani, huyo ameunga mkono. Mtu anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri kwenda kukaa kituoni kama wakala bila kujua kama atalipwa nauli, huyo ameunga mkono. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229. Mgombea akiwa na wafuasi laki tano mtandaoni na hana watu elfu arobaini na sita wa kukaa kwenye vyumba vile, ana washangiliaji tu, na sisemi hivyo kwa dharau. Nilikuwa mmoja wao, na nilishangilia kwa moyo wote.

Wajackoyah alikuwa na umati. Ahadi zake za bangi na za kufuga nyoka zilienea nchi nzima, na vijana waliokata tamaa na siasa walimkimbilia barabarani. Debeni alipata 61,969.

## Wagombea wetu wanakoishia

Kuna jambo ambalo mpwa wangu hakulifikia siku ile, nami sikutaka kumvunja moyo kulisema mbele ya watu. Mfuasi anaweza kuwa mwaminifu, akasaini, akakesha, na bado akageuzwa nauli.

Tazama nyuma. Ngilu alisimama 1997, akaingia NARC 2002, akawa waziri wa afya. Kalonzo Musyoka aliambia nchi 2007 kwamba atapita katikati yao. Alipata kura karibu laki tisa, na tarehe 8 Januari 2008, Rift Valley ikiwaka na watu wakiwa wamejazana makanisani na kwenye vituo vya polisi, akakubali kuwa makamu wa rais. Musalia Mudavadi alikuwa wa tatu 2013 kwa kura 483,981. Leo ni Mkuu wa Mawaziri katika serikali ya Ruto. Kenneth mwenyewe alikwenda Jubilee, chama cha Uhuru, akawania ugavana wa Nairobi 2017, kisha akawa katika Azimio, muungano wa Raila wa 2022, akitajwa kwa nafasi ya mgombea mwenza, nafasi aliyopewa Karua.

Siwaweki wote kwenye kapu moja. Ngilu alikwenda na kura za watu wake mahali ambapo zilizaa kitu. 2002 isingekuwa ilivyokuwa bila yeye. Karua alibaki na msimamo unaojulikana, na bado yuko mahakamani na barabarani kwa ajili ya wengine. Cha Kalonzo kinaniuma mpaka leo, kwa sababu ya wakati wake. Waliompigia kwa kuwa hawakutaka upande wowote waliamka wakiwa upande mmoja, bila kuulizwa, damu ikiwa haijakauka.

Kinachowaunganisha wote ni hiki: hakuna aliyewaambia wafuasi wake mapema atakwenda wapi asiposhinda. Kura ilitolewa kwa imani ikaja kujadiliwa hotelini.

Nilipoona hivyo ndipo fikira yangu ilipogeuka. Kwa wiki hizo zote nilikuwa nikijiuliza kama mpwa wangu anatupa kura. Swali lilikuwa baya. Kura yake ina nguvu. Kinachotakiwa kujulikana ni mkono wa nani utakaoishika nguvu hiyo usiku wa matokeo.

## Kwa nini Maraga, na kwa nini sasa

Naelewa kinachomvuta. Alikuwa bado mtoto tarehe 1 Septemba 2017, Maraga aliposoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa rais, jambo lililokuwa halijawahi kutokea Afrika. Alikuwa shuleni 2020, jaji mkuu huyo huyo alipomshauri rais alivunje bunge kwa kushindwa kupitisha sheria ya theluthi mbili ya jinsia, naye akapuuzwa. Akakua. Tarehe 25 Juni 2024 alikuwa barabarani na wenzake. Makumi ya vijana waliuawa katika wiki zile. Kwake mtu aliyewahi kumwambia mwenye nguvu "hapana" kwa maandishi ana thamani kuliko mwenye helikopta kumi.

Pia kuna pengo ambalo kizazi cha kakangu hakijalizoea. Mombasa ilimpa Raila kura nyingi uchaguzi baada ya uchaguzi. Tangu alipofariki Oktoba 2025 watu wengi hapa, hata wasiokiri, hawajui kura yao ni ya nani. Kakangu ni mmoja wao. Nadhani ukali wake kwa yule binti una huzuni ndani yake.

Na liko kundi jingine kubwa kuliko yote. Waliojiandikisha 2022 walikuwa zaidi ya milioni 22, na kama milioni nane kati yao hawakupiga kura ya urais. Hapa Mombasa hatukufika hata nusu. Mgombea wa tatu anayehangaika kumnyang'anya kigogo wafuasi wake anavua penye nyavu za wengine. Waliokaa nyumbani ndio wengi, na hawana mwenyewe. Boniface Mwangi ametangaza nia pia, na huenda wengine watajitokeza wakigombania wale wale vijana elfu kadhaa wa mjini. Ningependa kuwaona Kaloleni, Hola, Lunga Lunga, wakimwuliza mtu aliyelala siku ile ni nini kilimfanya alale.

Mimi nitatia sahihi fomu ya Maraga ikinifikia, na nakala ya kitambulisho nitatoa. Ila nina maswali mawili kwa kampeni yake, na nimewaomba mpwa wangu na wenzake wayaulize kwa sauti ile ile wanayomsifia. La kwanza, mawakala: majina ya vituo vya Mombasa, nani atakaa wapi, na wataanza kufundishwa lini, kwa sababu Agosti 2027 haiko mbali. La pili, ikiwa hatakuwa katika wawili wa juu, zile siku 30 atafanya nini? Ayaandike masharti yake sasa, kabla ya majina kupelekwa IEBC: kuhusu waliouawa Juni 2024 na fidia kwa jamaa zao, kuhusu ukaguzi wa madeni ya taifa, kuhusu serikali kutii amri za mahakama. Anayetaka kura zetu katika raundi ya pili ayakubali hadharani kwa sahihi. Na kama wote wawili watayakataa, Maraga atuambie leo kwamba hatakwenda kwa yeyote, wala hatatupeleka.

Barua yenye maswali hayo nimeiandika na wamesaini kumi na mmoja wa nyumbani kwetu. Kakangu hajasaini, lakini amenisahihishia aya ya madeni, na ameniambia nibadilishe neno "tunaomba" niweke "tunataka".